Utengamao kwa kijana mwenye ulemavu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota vibarazani na jikoni. Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, na sehemu kubwa ya kazi yangu naifanyia majumbani, Tanga mjini na vijijini Muheza na Pangani. Huko naulizwa mambo yaleyale karibu kila wiki, hadi mama mmoja akaniambia, “Mwanangu, si uyaandike tu ukapumzika?” Basi nimeyaandika. Yanahusu zaidi vijana wa miaka kumi na minne hadi thelathini hivi. Kama kijana wako ana mtaalamu anayemwona, neno lake lizidi langu, maana yeye amemgusa na mimi namsikia tu.

Utengamao ni nini? Si ndiyo yale mazoezi ya viungo?

Mazoezi ni kipande kimoja. Wazee wa kazi hii waliita marekebisho, Kenya utasikia urekebishaji, na siku hizi kwenye nyaraka za serikali yetu neno ni utengamao. Mtaalamu wa fiziotherapia hushughulika na misuli, viungo na mwendo. Sisi wa tiba kwa vitendo tunashughulika na yale mtu anayoyafanya toka anaamka mpaka analala: kuvaa, kuoga, kula, kupika, kusoma, kufanya kazi, hata kucheza bao. Kuna fundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, kuna mtaalamu wa matamshi, kuna mshauri nasaha, kuna mwalimu wa ufundi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unalitaja hilo katika ibara ya 26: utengamao uwe wa afya, wa ajira, wa elimu na wa huduma za jamii. Kwa hiyo mtu akikwambia “mazoezi yamekwisha, nendeni nyumbani”, amekupa robo.

Kujitegemea maana yake afanye kila kitu kwa mikono yake?

Hapana. Ingekuwa hivyo hakuna hata mmoja wetu anayejitegemea. Nani anajishonea nguo, anajinyoa nywele, anajivulia samaki? Tunasaidiwa wote, ila sisi tunachagua nani atusaidie, lini, na kwa namna gani.

Namfahamu kijana aliyepooza mikono na miguu. Hawezi kushika kijiko. Lakini ndiye anayesema leo avae shati gani, aogeshwe kabla au baada ya chai, na hela yake ya kuuza vocha itumikeje. Namfahamu mwingine anayetembea vizuri kabisa, ana ulemavu mdogo wa akili, ambaye simu yake ya kupokelea hela iko mfukoni mwa kaka yake na namba ya siri anaijua kaka peke yake. Kwa macho, wa pili ndiye mzima. Kwa hesabu yangu wa kwanza amemtangulia mbali.

Wazo hili lina wenyewe. Huko Berkeley, Marekani, Ed Roberts, aliyepooza kwa polio tangu akiwa kijana na kulala ndani ya mashine ya kumsaidia kupumua, pamoja na wenzake walianzisha mwaka 1972 kituo cha maisha ya kujitegemea kilichoendeshwa na watu wenye ulemavu wenyewe. Walichodai ni kuwa na usemi juu ya msaada wanaoupata. Kutembea hakukuwa sharti.

Kijana wetu ana miaka ishirini na hajawahi kupata huduma yoyote. Tumechelewa?

Kwa mambo fulani, ndiyo. Kiungo kilichokakamaa miaka kumi na mitano hakinyooki kwa kukandwa, na atakayekuahidi hivyo anataka hela yako. Lakini stadi za maisha hazina umri wa kufungwa mlango. Kijana wa ishirini ana faida moja asiyokuwa nayo mtoto wa miaka mitatu: ana jambo analolitaka. Anataka simu, anataka kwenda mpirani, anataka kupendwa. Mimi huanzia hapo. Lengo la “kuimarisha mkono wa kulia” halimwamshi mtu kitandani. Lengo la “kwenda mwenyewe msikitini Ijumaa kabla ya mfungo” linamwamsha.

Tunamfanyia kila kitu kwa sababu tunampenda. Kosa liko wapi?

Swali hili ndilo gumu kuliko yote, na naomba mniruhusu nikae nalo.

Nilikwenda nyumba moja Pangani. Binti wa miaka ishirini na miwili, upande wake wa kulia dhaifu tangu utotoni kwa mtindio wa ubongo. Anaongea vizuri, anasoma, anacheka. Mama yake alikuwa anakuna nazi. Nikamuuliza, “Mama, na huyu je, anakuna?” Akajibu yeye mama, binti akiwa palepale: “Hawezi.” Nikamgeukia binti: “Umewahi kujaribu?” Akasema, “Sijawahi kupewa.”

Tukasogeza mbuzi ukutani ili isiteleze. Binti akaikalia, kifuu kwenye kiganja cha kushoto, mkono wa kulia ukiegemezwa juu ya kiwiko ili usaidie kukandamiza. Ilichukua dakika arubaini kwa nusu nazi, na nazi yenyewe ilitoka na weusi wa kifuu. Mama aliinuka mara nne kutaka kumpokea. Mara ya nne nikampa ungo wa mchele achambue, mikono yake ipate shughuli. Kukamua tui kwa kifumbu kunataka mikono miwili, kwa hiyo tuliweka chujio juu ya sufuria, akagandamiza kwa kitako cha kikombe. Kitambaa kibichi kikawekwa chini ya bakuli lisizunguke. Wiki iliyofuata fundi seremala akapigilia misumari miwili kwenye kipande cha ubao, ncha juu: unachomeka kitunguu pale, kinatulia, unakata kwa mkono mmoja. Ubao ule hauna jina la kitaalamu linalofaa kutajwa hapa. Pale nyumbani wanauita “nungu”.

Kosa la upendo ni kwamba una haraka. Kumvalisha kunachukua dakika mbili, kumwacha avae mwenyewe dakika ishirini, na shule inaanza saa moja. Ukimfanyia miaka kumi kwa sababu ya haraka, mwili wake unajifunza kungoja. Sisemi muache kumsaidia. Nasema mchague saa moja ya siku isiyo na haraka, Jumamosi jioni tuseme, na jambo moja tu, na katika saa hiyo mikono yako ikae mbali.

Tunamfundishaje jambo lenye hatua nyingi? Tukianza anachoka.

Anzeni mwisho. Wengi hufundisha kuanzia hatua ya kwanza, kijana anahangaika, anachoka katikati, mama anamalizia, na kinachobaki kichwani ni kwamba nimeshindwa tena. Geuzeni. Chukulia chai. Wiki ya kwanza wewe fanya yote, yeye atie sukari na kukoroga, kisha ampelekee babu kibarazani. Babu atamshukuru yeye. Wiki ya pili amimine na atie sukari. Kisha aongeze majani, kisha apime maji, mwisho awashe jiko. Kila siku yeye ndiye anayemaliza kazi. Kuvaa suruali, kutandika kitanda, kufua soksi, njia ni hiyohiyo.

Kwa aliyedhoofika upande mmoja kuna kanuni ndogo ya nguo: mkono mgonjwa uingie kwanza wakati wa kuvaa, na utoke mwisho wakati wa kuvua. Jaribu na shati leo utaona tofauti. Vifungo vikimshinda, mpelekee fundi cherehani shati abandike kitambaa cha kunata ndani, vifungo vibaki nje kama pambo. Na kijana wa kiume anayetaka kanzu mpeni kanzu. Ni rahisi kuliko shati, na ni ya heshima.

Ana ulemavu wa akili. Hela ataijuaje?

Kwa wanyama. Noti zetu zimetusaidia: elfu mbili ina simba, elfu tano kifaru, elfu kumi tembo, na elfu moja ina Mwalimu. Vijana wengi wasioweza kusoma tarakimu wanatambua simba na tembo bila shida. Huwa naanza na duka moja, bidhaa moja, noti moja: “Mpe Mangi simba, akupe mkate na chenji.” Nakwenda kwa mwenye duka kabla, namweleza. Wengi ni waungwana mno, watamhesabia chenji taratibu kwa sauti.

Msimpe noti za kuchezea za karatasi. Anajua ni uongo, kwa hiyo hashughuliki. Mpeni hela ya kweli ambayo hata ikipotea hamtalala njaa. Itapotea siku moja. Hiyo ni ada ya somo.

Tulipewa kiti mwendo cha msaada lakini hakitumii. Ni uvivu?

Nina uchungu na suala hili, mniwie radhi. Niliwahi kualikwa kwenye hafla ya kugawa viti. Hotuba, picha, viti vyote vya saizi moja, vile vya chuma vya kusukumia wagonjwa kwenye sakafu ya hospitali. Miezi mitatu baadaye nilipita mitaa ileile. Kimoja kilikuwa kinabeba madumu ya maji, na nilikiona kinafanya kazi hiyo vizuri sana. Mwenyewe alikuwa ndani, kwenye mkeka.

Kiti mwendo hupimwa mtu kama kiatu. Upana uwe nyonga zake zinaingia bila kubanwa na bila kuyumba. Ukikaa, vidole viwili viweze kupita kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Nyayo zikae zote kwenye kikanyagio. Mgongo uegemee bila kusukumwa mbele. Mto wa kukalia ni lazima, hasa kwa asiyehisi makalio. Kwa njia zetu za mchanga na mawe, kiti chenye gurudumu moja la mbele lililo mbali na miguu hupita vizuri kuliko vile vyenye vigurudumu viwili vidogo vinavyozama. Na kabla hujapokea, mwonyeshe fundi baiskeli wa mtaani tairi na beringi umuulize kama anazipata. Kiti kisichokuwa na spea wilayani kina umri wa miezi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 80 duniani wanahitaji kiti mwendo, na katika nchi nyingi wanaokipata ni wachache. Ndiyo maana watu wanapokea chochote. Nawaelewa. Lakini kiti kibaya kinaweza kumtoboa mtu kidonda kitakachomrudisha kitandani mwaka mzima.

Akishakuwa na kiti kinachomfaa, afundishwe kukiendesha: kushuka ngazi moja, kuinua magurudumu ya mbele, kuhama kutoka kitini kwenda kitandani, na kunyanyuka akianguka. Ndiyo, ataanguka. Afundishwe kuanguka kwenye nyasi mkiwepo, kabla hajaanguka kwenye lami hampo.

Aliumia uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda. Tuangalie nini zaidi?

Ngozi na mkojo, kabla ya ndoto ya kutembea. Najua mnachokitaka ni kutembea, na mwulizeni daktari bila kuona haya, maana majeraha hayafanani. Lakini vijana wengi niliowapoteza hawakufa kwa sababu hawakutembea. Walikufa kwa vidonda na kwa figo.

Ngozi: akiwa kwenye kiti, kila baada ya dakika kumi na tano hadi thelathini apunguze uzito, ama kwa kujiinua kwa mikono, ama kwa kuinama mbele kifua kikielekea mapajani kwa dakika moja au mbili. Asubuhi na jioni ajikague kwa kioo: makalio, nyonga, visigino. Alama nyekundu isiyofifia ni onyo, hapo asikalie sehemu hiyo mpaka ipotee. Na jikoni, asiweke kamwe sufuria ya moto mapajani. Hatahisi, ataona lengelenge jioni.

Mkojo: wengi hufundishwa kujiwekea wenyewe katheta, yaani mrija mwembamba wa kutolea mkojo kibofuni, kila baada ya saa nne hadi sita, kisha kuitoa. Kijana akilimudu hilo, anaweza kwenda chuo, kazini, harusini. Hakuna stadi nyingine inayofungua milango mingi kama hii, na hakuna inayozungumzwa kwa minong'ono kama hii.

Kwa aliyeumia shingoni au sehemu ya juu ya mgongo: kichwa kikianza kumgonga ghafla, akatoka jasho usoni na uso kuwa mwekundu, mkalisheni wima mara moja, legezeni nguo, angalieni kama katheta imeziba au kibofu kimejaa, na kama hali haitulii papo hapo mkimbizeni hospitali. Shinikizo la damu hupanda vibaya sana katika hali hiyo.

Choo chetu ni cha shimo, cha kuchuchumaa. Tufanye nini?

Mchukueni seremala apime kiti cha mbao chenye tundu katikati, kikae juu ya shimo, kipakwe rangi ya mafuta kisinyonye maji. Pigeni mhimili wa mti au bomba ukutani wa kushikia, upande wa mkono wenye nguvu. Mlango ufunguke kwa nje, maana mtu akianguka ndani mlango wa kufungukia ndani hamtaweza kuusukuma. Kwa kizingiti, kanuni ya mteremko ni kumi na mbili kwa moja: kizingiti cha sentimita 15 kinataka njia ya mteremko wa sentimita 180. Watu hujenga mfupi kuokoa saruji, kisha unakuwa wa kuserereka.

Gharama yote mara nyingi haifiki bei ya sherehe ndogo ya ubarikio. Nasema tu.

Mguu bandia tutaupata wapi, na akiupata ndiyo basi?

Dar es Salaam kuna CCBRT, shirika lenye hospitali ya watu wenye ulemavu huko Msasani, lililoanza mwaka 1994, na kuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Moshi kuna hospitali ya KCMC, ambako tangu mwaka 1981 kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha wataalamu wa viungo bandia, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Hospitali ya rufaa ya mkoa wako itakuambia kama ina karakana au itakupa rufaa.

Kuupata siyo mwisho. Kabla ya mguu, kigutu kinaandaliwa: kinafungwa bandeji kipate umbo, na goti linanyooshwa kila siku. Msiweke mto chini ya goti hata kama anaona raha, goti litagandia likiwa limekunjwa na mguu bandia hautakaa. Kigutu husinyaa miezi ya mwanzo, kwa hiyo mguu utalegea, urudishwe karakana. Kijana anayeendelea kurefuka atahitaji kubadilishiwa mara nyingi kuliko mtu mzima. Na kigutu kioshwe na kukaushwa kila usiku. Joto la pwani na jasho ndani ya plastiki vinatosha kuleta malengelenge.

Mnasema sana viungo. Asiyeona na kiziwi je?

Mimi si bingwa wa huko, kwa hiyo kwa ufupi. Asiyeona anahitaji fimbo nyeupe na mwalimu wa mwendo. Fimbo ina ufundi wake: mguu wa kulia ukitangulia, ncha ya fimbo iguse kushoto, mahali mguu wa pili utakapokanyaga. Nyumbani vitu visihamishwe bila kumwambia. Chama cha Wasioona Tanzania kitakuelekeza.

Kiziwi kinachomkosesha uhuru mara nyingi ni lugha. Jifunzeni lugha ya alama, nyumba nzima, hata bibi. Nimeona kijana kiziwi wa miaka kumi na saba anayeijua lugha ya alama vizuri shuleni, akifika likizo anakuwa bubu kwa sababu nyumbani hakuna wa kuongea naye. Ulizeni CHAVITA, chama cha viziwi, mkoani kwenu.

Binti yetu amevunja ungo na hajui kujihudumia. Na je, mambo ya wavulana?

Afundishwe hedhi kama anavyofundishwa kupiga mswaki: kwa hatua, kwa kitu halisi, na mtu mmoja anayemwamini, shangazi au dada. Onyesheni kwenye chupi ya akiba, chora umbo la pedi kwa peni ajue pa kuibandika. Wekeni kalenda ukutani akoleze siku kwa rangi.

La pili wazazi hulipita kimya, na kimya hicho ni hatari. Kijana mwenye ulemavu ana mwili na hisia kama ndugu zake. Ajue majina ya viungo vyake, ajue nani anaruhusiwa kumgusa wakati wa kuogeshwa na nani haruhusiwi, ajue kusema hapana na kusadikiwa akisema. Ukimzoeza kutii kila mtu mzima, umemnyang'anya kinga. Akiwa chini ya miaka kumi na minane na mna wasiwasi, namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure, Tanzania na Kenya pia. Kuhusu ndoa: akiwa mtu mzima na anaelewa anachokiingia, ni haki yake. Nimecheza harusi kadhaa za wateja wangu, na vyakula vilikuwa vizuri.

Atapata ufundi na kazi wapi?

Serikali ina vyuo vya ufundi na marekebisho kwa watu wenye ulemavu: Yombo hapo Dar es Salaam, Sabasaba mkoani Singida, Luanzari huko Tabora, Masiwani hapa kwetu Tanga, na vinginevyo. Anzeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ndiye njia. Usa River, Arusha, kuna kituo cha Kanisa la Kilutheri kinachofundisha vijana wenye ulemavu ufundi. VETA nao hawana ruhusa ya kumkataa mtu kwa ulemavu wake, ombeni huko pia. Mimi hupenda kijana asome na wenzake wa mtaani ikiwezekana.

Iringa kuna Neema Crafts, mradi wa Kanisa la Anglikana ulioanza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliokuwa wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Leo kuna karakana na mgahawa unaohudumiwa na viziwi. Unaandika chakula unachotaka kwenye kijidaftari, na ukutani kuna michoro ya alama za kujifunza wakati unangoja. Mombasa, karakana za Bombolulu zimekuwapo tangu mwaka 1969 chini ya chama cha walemavu wa viungo cha Kenya, APDK.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini na kuendelea awe na walau asilimia 3 wenye ulemavu. Ifahamuni, itajeni kwa adabu kwenye barua ya maombi. Kwa wanaotaka kujiajiri, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kati ya hizo kumi, mbili ni za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya, kwa hiyo msitumie fomu ya zamani ya jirani. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Tahadhari moja. Ushonaji umekuwa jibu la kila kijana mwenye ulemavu, kama kwamba ukikosa mguu unazaliwa na cherehani. Muulizeni anapenda nini. Nina mmoja anatengeneza simu, mwingine anafuga kuku wa mayai, wa tatu ni mtangazaji wa mechi za mtaani kwa kipaza sauti cha kukodi, na huyu wa tatu ndiye mwenye hela.

Daladala hazimpakii. Afanyeje?

Zinakataa, au konda anadai nauli ya kiti kama mzigo. Dar es Salaam mabasi ya mwendokasi, tangu mwaka 2016, yana vituo vilivyo sawa na sakafu ya basi, na hapo angalau mtu anaingia na kiti chake. Kwingineko tunatumia mbinu. Msafiri wa kila siku afahamiane na dereva mmoja na konda wake kituoni, asafiri saa isiyo ya msongamano, na ajifunze maneno matatu ya kumwelekeza mtu namna ya kumshika: “shika hapa, usivute mkono, subiri niseme.” Wasaidizi wa barabarani wana moyo mzuri na mikono mibaya.

Tulikwenda kwa mganga, na kanisani pia tumeombewa. Mnakataza?

Sikatazi dua, na mwenyewe naomba. Nakataza mambo matatu: kuacha dawa za kifafa, kumchanja chale kijana asiyehisi miguu, na kuuza shamba.

Amekata tamaa. Amejigeuzia ukutani hataki kuongea na mtu.

Kwa aliyeumia ukubwani hili ni la kawaida miezi ya mwanzo. Msimwimbie “mshukuru Mungu uko hai” kila asubuhi. Mtafutieni mtu aliyeumia kama yeye miaka mitano nyuma, ambaye leo anaishi. Mimi nikiongea saa nzima sifikii dakika kumi za mtu huyo. Lakini akisema anataka kufa, au anakataa kula, hilo ni la hospitali, na si la kesho.

Mimi ndiye kijana mwenyewe. Nyumbani hawataki nitoke peke yangu. Nifanyeje?

Shikamoo uwape, ila usiombe ruhusa ya dunia nzima siku moja. Omba njia moja. Chagua mahali pa karibu penye sababu ya kweli, kama kwa kinyozi. Pita nayo mara mbili na mdogo wako, mhesabu mitaro na mbwa. Kisha mpatane na mama: ukifika unambipu, ukitoka unambipu.

Kuna kijana wa hapa mjini tulianza naye hivyo, kiti mwendo na mita kama mia nne za barabara ya vumbi. Wiki ya kwanza mama alisimama getini mpaka aliporudi. Wiki ya pili alikaa barazani na simu mkononi. Wiki ya tatu hakubipu, na mama akanipigia mimi huku analia. Nilipanda baiskeli nikamfuata. Nilimkuta kwa kinyozi, ndevu zimeshanyolewa, simu imeisha chaji, anabishana kuhusu Simba na Yanga na watu sita aliokuwa hawajui mwezi mmoja uliopita. Akaniambia, “Mwambie mama nakuja. Lakini si sasa hivi.”